Mama Mdogo, Sikukuandika

Mama mdogo,

Mvua zimeshika huku Kitahana na maharage ya dada yako yameanza kutoa maua. Naanza na maharage kwa sababu sina ujasiri wa kuanza na lile lililonikalisha hapa. Ungekuwepo ungenikatiza zamani: "Weye mwana wanje, mwanangu wee, sema basi, jua linakwenda." Nivumilie kidogo. Nitalisema.

Kwanza ujue kwamba hatukukuzika sisi. Esperansi, jirani yako wa pale kambini Nduta, alipotupigia simu ulikuwa tayari umefungwa kwenye mfuko, umepuliziwa dawa na kufukiwa na watu waliovaa mabuti na glovu. Mama alivaa kitenge chake cha kanisani akatoka. Alifika mpaka barabara kubwa, akasimama pale muda mrefu, kisha akarudi. Kuomba kibali cha kuingia kambini ni kazi ya siku nyingi, na angeulizwa wewe ni nani wake, na akisema ni mdogo wangu, yangefuata maswali mengine. Alikaa nyuma ya jiko na kile kitenge mpaka jioni. Hakulia. Mpaka leo hajalia, na mimi naogopa.

Nyinyi ni wa tumbo moja. Bibi aliwazaa wote wawili hapa hapa Tanzania, baada ya kukimbia Burundi. Baba yenu aliporudi kwao alikuchukua wewe mdogo, Mama akabaki na Babu Bernadi, baba yenu mdogo, aliyekataa kuhama tena. Mama akapewa uraia. Wewe ukaolewa kule, ukafiwa na mume kule, na vurugu zilipoanza upya ukakimbilia nchi uliyozaliwa, ukaandikwa mkimbizi. Mama anacho cheti chake kwenye mfuko wa nailoni chini ya godoro. Wewe ulikuwa na kadi ya posho. Mkikaa kwenye mkeka mmoja mkimenya mihogo, mkicheka kicheko kile kile cha puani, nani angejua yupi ni raia?

Ulikuja kila ulipoweza, bila kibali. Uliondoka alfajiri, ukapita njia za porini, ukafika kwetu jua la utosi na mbaazi za posho ndani ya kikapu, ukaondoka na ndizi. Ukirudi ulijitwika mzigo wa kuni ili ukiulizwa useme ulikwenda kuokota kuni. Nilikuwa nakusindikiza mpaka mtoni nikikuhubiria njia nzima, kwamba iko siku utakamatwa. Ukanijibu, "Wakinikamata watanirudisha wapi? Kwa dada yangu?" Ukacheka mpaka mzigo ukataka kuanguka. Mimi sikucheka. Tulikuwa tumeshasikia habari za waliokutwa nje wakalala mahabusu.

Ndipo Babu Bernadi akafa.

Aliugua tumbo siku moja tu. Tulisema ni uzee, umri ule hata uji unaweza kumwangusha mtu. Wanawake wawili wa ukoo walimwosha. Habari zilikufikia, sijui kwa mdomo wa nani, na ulifika kabla jeneza halijatoka, umejifunika khanga ya Mama mpaka kwenye nyusi wasikutambue. Walikutambua wote. Lakini nani amfukuze mtoto kwenye msiba wa baba yake?

Tuliporudi kutoka makaburini, beseni nililishika mimi. Unaijua desturi yetu. Maji ni yale yale, beseni ni lile lile, kila aliyetoka kuzika anatumbukiza mikono humo kabla ya kuingia uani, na anayelishika ni mjukuu wa marehemu. Ukikataa kunawa ni kama umesema msiba huu haukuhusu. Mama mdogo, mimi ni mhudumu wa afya wa jamii. Nina fulana ya watu wa afya. Ukutani kwetu nimebandika picha ya mikono inayonawa kwa maji yanayotiririka, wewe mwenyewe uliwahi kuniuliza hiyo mikono ni ya nani, mbona haina pete. Nilisimama pale nayaona maji yakigeuka rangi, mikono baada ya mikono, nikawaza, Yustina, maji haya si mazuri. Kisha nikawaza, lakini leo ni Babu. Nani angenielewa nikimwaga maji ya Babu? Wewe ulikuwa karibu na mwisho. Ulinawa polepole, ukanibana vidole mle ndani ya maji, ukasema, "Mwana wanje, umekonda." Halafu mkaingia kula ugali, watu sita sita kwenye sinia moja, na Mama akakusogezea kichwa cha samaki, mgebuka, kwa sababu alijua unakipenda.

Tulizika Alhamisi. Jumapili wale wanawake wawili waliomwosha Babu walianza kutapika na kuharisha maji meupe kama yaliyooshewa mchele, na mchana Bwana Afya akaja na pikipiki kutoka wilayani. Ni mtu wa Tanga, mpole, huwezi kumsikia akipandisha sauti. Alinikalisha kwenye benchi la zahanati akasema, "Ni kipindupindu, dada Yustina. Hiki hakina miguu, kinatembelea miguu yetu sisi. Niandikie kila aliyenawa na kila aliyekula pale msibani, na kila mmoja anaishi na nani. Tukiwahi kuwafikia hawa, kimekwisha."

Hakuna mwingine ambaye angeiweza kazi ile. Beseni nilikuwa nimelishika mimi, mikono yote ilipita mbele ya macho yangu. Niliandika nyumba kwa nyumba. Nani alikaa sinia moja na nani, nani alimlisha mtoto kwa mkono wake, nani alirudi kwake Kibondo mjini jioni ile ile, nani ana mama mgonjwa kitandani. Karatasi mbili zikajaa mbele na nyuma. Bwana Afya alikuwa anatikisa kichwa kwa kustaajabu. Nilipofika kwenye sinia la Mama niliandika majina matano, kalamu ikasimama. Akaniuliza, "Hapa walikula watano?" Nikasema, "Watano."

Ndilo hilo, mama mdogo. Nimelisema.

Nilidhani nakuficha. Niliwaza kwamba nikikuandika, karatasi itakwenda wilayani, kutoka wilayani itakwenda kambini, watakuja kwako wakuulize ulitokaje. Watakufungia posho, nikawaza. Na Mama ataitwa aeleze kwa nini anakupokea. Hakuna aliyekuwa amenitisha. Bwana Afya hakuja kutafuta kosa la mtu, alitaka kujua ampelekee nani dawa, basi. Lakini hofu ile nililelewa nayo. Tangu nikiwa mdogo Mama alinifundisha kwamba mtu mwenye kalamu akikuuliza ndugu zako, humtajii wote. Bibi alimfundisha yeye. Sisi hivyo ndivyo tulivyopendana, kwa kuachana kwenye orodha.

Jumatatu asubuhi nilimpigia Esperansi, maana wewe simu hukuwa nayo. Hapa ndipo ninapojichukia zaidi. Ningeweza kusema yote. Lakini nilidhani Esperansi hajui kwamba ulitoka, basi nikasema, "Mwambie mama mdogo namsalimia. Mwambie ajitunze." Ajitunze na nini? Esperansi alinisimulia baadaye kwamba ulicheka, ukasema, "Huyo anadhani mie ni mtoto?" Na kumbe Esperansi alijua. Alijua siku zote, ndiye aliyekuwa anakuchotea maji siku unazotoka ili ndoo yako isionekane tupu.

Jumanne tumbo likakushika. Ulimwambia Esperansi ni maharage ya jana. Alitaka kukupeleka kwenye kituo cha afya cha kambini, hapo hapo tu, ukakataa kwa sababu wangekuuliza umekula wapi. Wewe ulidanganya kwa upande wako, mimi nikadanganya kwa upande wangu, uongo ule ule mmoja. Bwana Afya anapenda kusema mficha maradhi kifo humuumbua. Anawaambia wagonjwa. Sijui angesema nini kwa anayemfichia mwenziwe. Jumatano asubuhi Esperansi alipopata watu wa kukubeba, macho yako yalikuwa yameshaingia ndani, na ulikuwa unamwita Mama kwa jina lake la utotoni. Hukufika hata kuwekewa dripu.

Wote niliowaandika wako hai.

Wako walioumwa, tena vibaya, lakini walifikiwa mapema, wakapewa pakiti za chumvichumvi na vidonge vya maji, wakaambiwa dalili, na tumbo lilipoanza tu wakakimbizwa kwenye mahema ya zahanati. Wale wawili walioosha mwili wamerudi mashambani. Mzee uliyekaa naye bega kwa bega kwenye sinia jana nimemwona anagombana na mbuzi. Nimeipitia ile orodha mara nyingi nikitafuta hata mmoja aliyekufa, Mungu anisamehe, ili nijiambie kwamba hata ningekuandika ungekufa tu. Hayupo. Nimetafuta, hayupo.

Na sokoni wanasema kipindupindu kililetwa na wakimbizi. Wewe ulikuja kwetu mzima, ukaondoka nacho kwenye mikono uliyonawa kwenye beseni langu. Sisi ndio tuliokupa. Mama anayasikia maneno hayo akiwa ameinamia ndizi zake, ananyamaza, na mimi niliye na uwezo wa kusimama pale na kusema kilitoka kwetu, nanyamaza pamoja naye.

Mimi nimesifiwa. Usicheke. Bwana Afya alisimama kwenye mkutano wa kata akasema orodha yangu imeokoa kijiji, kisha akanipeleka Kasulu nikawafundishe wenzangu, wengi wao wametoka Nyakitonto. Nilichora ubaoni. Katikati nikaweka Babu, nikavuta mistari kwenda kwa walioosha mwili, kutoka kwao kwenda kwa watoto wao, kutoka kwenye kila sinia kwenda kwenye kila nyumba. Wakanakili kwenye madaftari. Ilikuwa imekaa vizuri, kila mtu na mstari wake. Dada mmoja wa Nyakitonto akanyoosha mkono akauliza, "Na kama ni mtu wako, na akitajwa atapata shida, unafanyaje?" Darasa zima likanitazama. Nikasema, "Unamwandika." Nikasema hivyo hivyo, mama mdogo, kwa sauti ya mwalimu. Nikakaa chini, chaki bado mkononi.

Lakini si haya yaliyonifanya nishike kalamu. Ni dada yako.

Mama anaamini ni kile kichwa cha samaki. Anasema, "Nimemlisha mimi. Kwa mkono wangu huu." Tangu siku ile hali chakula na mtu. Anatupakulia chakula, anachukua chake kwenye kibakuli, anakwenda kula nyuma ya nyumba ameelekea ukuta. Kanisani padri akisema tupeane amani, yeye anaficha mikono ndani ya kitenge. Watoto wa jirani wakimkimbilia anawapigia kelele wasimshike, yeye ambaye walikuwa wanalala mapajani kwake mpaka anakufa ganzi. Juzi nilimkuta anasugua viganja kwa majivu, anasugua, anasugua, na viganja vimechubuka. Nikamnyang'anya majivu. Hata hapo sikusema.

Sikusema kwa sababu ana mimi tu. Nikimwambia, atajua aliyekuua, na atakuwa amepoteza wote wawili kwa siku moja. Hivyo ndivyo ninavyojidanganya asubuhi nikiamka. Ukweli ni kwamba naogopa uso wake. Afadhali ajichukie yeye kuliko anichukie mimi, hapo ndipo nilipofika, mama mdogo, na sidhani kama mtu anaweza kushuka zaidi ya hapo.

Sikuombi unisamehe. Ungekuwa hai ungenisamehe kabla sijamaliza sentensi, nakujua, na ndiyo maana msamaha huo hauna thamani nikiutoa mwenyewe kwa niaba yako. Maji yamekwisha kumwagika. Nakukosa. Nakukosa mpaka nikisikia mtu anacheka kwa pua barabarani nageuka.

Ninachoweza kukuahidi ni kimoja. Mama hajui kusoma. Leo akirudi kutoka shambani nitamkalisha, nimsomee barua hii yote, bila kuruka siku wala jina. Bwana Afya naye nitamwendea, kesho, na fulana yao nitaibeba mkononi ikiwa wataitaka. Lakini Mama kwanza. Sijui atanifanya nini. Pengine atanifukuza, na sina pa kwenda. Pengine atalia, na akilia nitashukuru.

Nimeanza kusikia sauti yake huko njiani, anajibu salamu za watu. Pumzika, mama mdogo, popote walipokulaza. Mikono ya dada yako haina kosa. Tunaolijua hilo ni mimi na wewe tu, na wewe huwezi tena kumwambia.

Mwanao,
Yustina