Wilmer Bado Hajazikwa

Jumatatu, 17 Februari 1936

Wilmer wangu,

Theluji imefika dirishani. Mlango haufunguki. Siwezi hata kuja kukuona kwenye kile chumba cha mawe cha kanisa, ulimolazwa mpaka ardhi iliyoganda kwa baridi ilainike. Leo tena nimepika kahawa ya watu wawili. Mkono haujazoea.

Alhamisi, 20 Februari

Harvey kaja kwa sleji, gari lake la kuteleza juu ya theluji. Huyu binamu yako ndiye mlinzi wa makaburi ya ukoo sasa — na anavyojishaua! Anasema huna nafasi. Pale huzikwa uzao wa yule mzee aliyevuka bahari kutoka Ujerumani tu, na wake zao. Wewe ulijihesabu kupitia mwanawe, Johann Peter.

"Shemeji, jiwe la huyo Peter si lipo makaburini? Alikufa ana miaka mitatu. Mtoto wa miaka mitatu kamzaa nani?"

Akacheka. Akala keki yangu ya molasi, vipande viwili. Miaka yote ile uliyozunguka makanisani kuutafuta ukoo, Wilmer!

Jumapili, 23 Februari

Nimelia, halafu nikacheka. Mimi mwenyewe ni Lovina wa pili! Dada yangu alikufa kwa kifaduro, nikazaliwa mimi, mama akanipa jina lake. Wazee wetu ndivyo walivyofanya. Basi yule mzee naye, baada ya mtoto kufa, alipata Peter mwingine. Tulisahauje?

Jumatano, 4 Machi

Harvey tena. Nimemweleza. Kajikuna shingo.

"Huenda. Ila cheti cha ubatizo cha huyo Peter wa pili kiko wapi?"

"Na cha babu yako kiko wapi, shemeji?"

"Cha babu yangu hakuna anayekiuliza."

Sote tunajua cha Peter kiko wapi. Vyeti vile vilivyochorwa ndege na maua, vyenye majina ya wazazi, watu walizikwa navyo kifuani. Kando ya yule Peter mtoto kuna kaburi lenye jiwe tupu, halina jina. Lazima ni Peter wa pili.

"Basi tufukue," kasema. "Wewe sema tu ndiyo."

Nimfukue mzee wa watu ili wewe ulale? Na karatasi ya miaka mia na zaidi udongoni — kama imeoza? Nikikataa, unapelekwa makaburi ya mjini, kati ya watu usiowajua, na mimi nitakufuata huko huko. Mchungaji anataka uzikwe kabla ya Jumapili.

Theluji inayeyuka paani, inadondoka matone matone. Harvey yuko jikoni, anagonga meza kwa kidole. Nimemwambia nachukua shali tu, narudi.

Anaita, "Shemeji! Unasemaje?"

Naenda kumjibu. Lolote nitakalosema, nikumbuke, Wilmer.