Vidonge Kumi Vilivyobaki

Mama,

Leo ni siku ya thelathini na nane. Keshokutwa ni arubaini yako, na dada Rukia ameshaagiza mchele wa hitma. Nakuandikia wewe kwa kuwa aliye hai sijaweza kumwambia.

Kidonda chako cha mguu kilipokauka siku ya nne ya dawa ulinambia, "Abdalla, si nimeshapona? Viweke hivyo, vitamfaa mwingine." Nikaviweka. Vidonge vilikuwa ishirini na kimoja, ulikuwa umemeza kumi na kimoja. Kumi nikavitia kwenye mkebe pamoja na masalio ya dawa za wengine, kama tufanyavyo nyumbani tangu nipate akili. Bi Amina, nesi aliyekuwa akija kukufunga bandeji, akauliza, "Dawa amemaliza?" Nikamjibu, "Amemaliza, Bi Amina." Nilijua atatugombeza. Wiki ya pili mguu ukafura hadi gotini, tukakupeleka hospitali, nasi tukarudi bila wewe.

Sasa Rukia azunguka mtaa wetu wa Kuze wote akisema Bi Amina amekuua kwa bandeji chafu. Yule nesi alikuwa akiingia nyumba kumi na nne kuuguza. Zimebaki tatu. Jana tulikutana kichochoroni, akanisalimu, "Salaam aleikum, fundi." Nikaitikia nikitazama chini.

Nilimwendea Mutua, mpangaji wetu wa juu, yule kijana wa bara afanyaye kazi maabara. Nikamuuliza mtu akiacha dawa katikati huwaje, kama aulizaye habari za jirani. Akachukua chaki yangu akachora sakafuni. Bakteria ni seli moja tu, akasema. Kuna wa mviringo kama shanga, kuna vijiti, kuna waliojipinda kama skrubu. Wale shanga, elfu moja wakijipanga mstari ni kama milimita moja. Baadhi wana mkia wa kuogelea. Ndani hamna kiini kama cha seli zetu, uzi wa kurithi umejikunja tu ndani ya ute. Nje ya ute kuna utando, na nje ya utando, ukuta.

Dawa yako ilikuwa ya kuvunja ukuta. Mimi ni fundi wa mawe, Mama, kazi nimejifunza mwenyewe kwa kukoroga chokaa za watu. Hapo hakunieleza mara mbili. Seli ikikua na kujigawa lazima ijenge ukuta mpya. Dawa yazuia mawe yasishikane, maji yaingia, seli yapasuka. Seli zetu hazina ukuta, ndiyo sababu dawa hiyo haizibomoi. Lakini dhaifu ndio watanguliao kufa. Ukiacha katikati, umewabakisha wagumu.

"Na wakibaki wachache?"

"Penye joto na chakula, fundi, mmoja aweza kuwa wawili kila dakika ishirini."

Nikapiga hesabu palepale. Saa kumi ni mara thelathini. Mmoja apita bilioni. Nami sikubakisha mmoja.

Mutua alinitazama, akafuta mchoro kwa kiatu. "Sukari ya mama yako ilivyokuwa juu, huenda hata angemaliza dawa..." Huenda. Sijawahi kumjengea mtu nyumba kwa huenda.

Hata wewe nina hasira nawe. Ulitulea peke yako, hukutupa kitu jaani, hata kamba za magunia ulizikunja ukaziweka. Kwa tabia hiyo nimekuwa mtu. Sijui nikushukuru vipi tena.

Mkebe wa vidonge nimeupeleka duka la dawa, wakaviteketeze wao. Haikunipunguzia kitu.

Keshokutwa Bi Amina atakuja hitmani, nimemwalika mwenyewe, Rukia hajui. Dua ikishaisha nitasimama niseme: alimeza kumi na kimoja, na aliyesema amemaliza ni mimi. Nakuahidi. Namjua Rukia mwanao, hatanisamehe.

Pumzika, Mama. Uliacha watoto wawili wa nyumba moja. Baada ya hapo tutakuombea mbalimbali.

Abdalla