Bomba Lililonyamaza

Meru Mjini,
14 Agosti 2016

Mpendwa Baba Kagure,

Baridi ya huku haijaisha. Samaki wako wote sita wako hai kwenye tangi lao la kioo, na pampu bado inapandisha maji vizuri kutoka tangi la chini.

Jumapili iliyopita ulipopiga simu uliuliza mbona husikii maji yakianguka. Nilikudanganya kwamba stima imepotea. Ukweli ni kwamba nimelishusha lile bomba la kurudisha maji kwenye tangi la chini. Ulikuwa umeliacha juu kidogo makusudi, kwa sababu Kagure wetu alikuwa halali bila ule mlio wa maji. Sasa mdomo wake umezama inchi moja, vile huwa unawafungia watu wa hoteli wasiotaka kelele kwenye matangi yao, na halitoi sauti.

Baba yako alisema habari kama hii haipewi mtu kwa simu akiwa peke yake Doha. Ndiyo maana nimempa Gedi, anayesafiri kuja huko, barua hii, na nimemwomba akae nawe mpaka umalize kusoma.

Ilikuwa nimonia, siku tatu tu. Tulimzika kule Kibirichia, kando ya shamba la viazi.

Wiki nzima kabla ya kulishusha bomba, nilisikia maji yakibembeleza kitanda kitupu.

Ukirudi, tafadhali usilipandishe.

Ni mimi, bado Mama Kagure