Bi Shamsa Amejipatia Bibi Mpya

Jumapili, 1969. Mvua ya vuli inanyesha tangu asubuhi na mtaa wetu wa Mkunazini, hapa Unguja mjini, wote unanuka chokaa mbichi. Nimejifungia ndani, sina hamu ya kumwona mtu. Dharau niliyonayo leo inatosha kugawia mtaa mzima.

Wa kwanza kupata fungu lake ni jirani yangu, Bi Shamsa.

Mchana nafundisha ushonaji skuli ya wasichana. Jioni nashona kwa raha yangu tu nguo za kale: suruali za marinda, kanzu za hariri, barakoa zenye utepe wa dhahabu, vitu walivyovaa mabibi wakubwa zama za nyanya zetu. Hakuna anayezivaa. Nazishona, nazitazama, nazikunja. Mtaa mzima unajua kichaa changu hicho.

Kabla ya Mapinduzi, Bi Shamsa alikuwa hawezi kumaliza kikombe cha kahawa bila ya kukutajia bibi yake mzaa mama: hariri zake, vikuku vyake, watumwa wake. Watumwa akiwataja kama mtu anavyotaja kuku wake. Sasa mambo yamegeuka, na bibi naye kageuka.

Alinijia mwezi uliopita, akakaa kitini pangu bila ya kukaribishwa.

"Shoga yangu, nnataka unshonee nguo ya bibi yangu. Kaniki na ukaya. Alikuwa mjakazi, maskini. Kateswa sana."

Nilimtazama. Hata kope hazikumcheza.

Haja yake niliijua. Skuli yetu ilikuwa inatayarisha maonyesho ya nguo za zamani, kila ukoo ulete walichovaa wazee wake, na mkubwa mmoja wa elimu angekuja kutazama. Mkubwa huyo huyo ndiye anayechagua vijana wa kupelekwa nje kusoma, na mtoto wa Bi Shamsa, Nassor, ameomba. Mama mtu akaona, siku hizi wanyonge ndio wenye nchi, akitokea na bibi wa kaniki, ile nguo nyeusi ya watumwa, njia ya mwanawe itakuwa nyeupe. Nassor mwenyewe ni kijana mwema, sina neno naye. Akili hakurithi kwa mamake.

Nikakubali, lakini si kwa huruma. Nilikubali kwa sababu mjakazi hakuvaa ukaya. Mtumwa alikuwa hana ruhusa ya kufunika kichwa. Kile kitambaa chepesi cheusi, chenye kamba ya kupita chini ya kidevu na ncha mbili ndefu za kuning'inia mgongoni, mwanamke alikivaa siku aliyokuwa huru. Mwenye bibi mjakazi kweli angeyajua hayo kwao. Bi Shamsa hakuyajua, basi nikamshonea alichotaka, kwa mkono, vizuri kabisa, nikaingoja siku ya yeye kuumbuka.

Mimi nayajua kwa sababu bibi yangu akiitwa Faida. Jina la kijakazi hilo, na nyumba aliyoitumikia ni ile ile ya bibi yake Bi Shamsa. Mama alitukataza kulitaja, na nilipokuwa mtu mzima nikaendelea kutolitaja. Nilijiambia ni adabu.

Jana ndiyo yalikuwa maonyesho. Ukumbi ulijaa. Kaniki ilitundikwa ukutani na ukaya juu yake, na Bi Shamsa kasimama pembeni na uso wa msiba.

Hakuna aliyeumbuka.

Mkubwa wa elimu aliugusa ukaya kwa vidole viwili akasema hizi ndizo nguo za unyonge. Walimu wenzangu wakatikisa vichwa. Na wanawake ambao mama zao walikufa na ukaya kichwani, nao wakatikisa vichwa. Niliwadharau wote kwa mpigo, mmoja mmoja sikuwa na nafasi.

Kisha mkubwa akafika kwenye kona nilikotundika kazi zangu, mbele ya suruali za marinda. Akauliza ni za nani. Kabla sijafungua mdomo, Bi Shamsa kanitangulia.

"Hizo za kwao mwalimu huyu. Wao walikuwa watu wa hariri tangu hapo."

Alisema huku anatabasamu. Kaninyang'anya bibi yangu, na sasa ananitwisha wake.

"Kumbe, mwalimu?" akasema yule mkubwa, na sauti yake haikuwa ile ya mwanzo. Siku hizi mwalimu wa ukoo wa namna hiyo anaweza kuamka akajikuta hana darasa. Nilikuwa na neno moja tu la kusema, jina la nyumba aliyoitumikia Faida, na Nassor asingekwenda popote. Nassor alikuwa nyuma ya mamake, anatazama sakafu. Alikuwa anajua mamake anadanganya.

"Hizi nimezishona mwenyewe, ni mchezo wangu," nikasema. "Bibi yangu akiitwa Faida. Alikuwa mjakazi. Ukaya aliuvaa siku aliyopata uhuru wake, si kabla."

Nyumba sikuitaja. Nilikwenda mpaka ukutani, nikautoa ule ukaya, nikauvaa, nikapitisha kamba chini ya kidevu. Kaniki ikabaki peke yake.

Mkubwa akamgeukia Bi Shamsa. "Basi wako wewe uhuru hakuupata?"

"Alikufa mapema, maskini," akajibu, na machozi yakamtoka. Machozi hasa, ya maji. Mkubwa akampa pole.

Nilidhani leo ningeamka na furaha. Sina. Nimekaa naitazama mvua, na dharau inanirudia mwenyewe. Yule mwongo amemlilia mjakazi mbele za watu, japo kwa hila. Mimi, mjukuu wa damu, miaka yote hii nimekaa nawashonea marinda mabibi waliokuwa wakimtuma maji, na yeye sijamshonea hata kitambaa cha kichwa.

Kumbe ilibidi Faida aibiwe ndipo mjukuu wake amdai?

Kesho ni Jumatatu. Darasani nitaingia na ukaya kichwani, na mtoto wa kwanza atakayeniuliza nimeurithi kwa nani, nitamjibu.