Shayiri Kwenye Malisho ya Baba

Kambi ya Bash-Bulagh,
Milima ya Semirom.
Tarehe 12 ya mwezi wa Tir, mwaka 1321.

Mpendwa Kaka Bahadur,

Salamu nyingi kutoka kwa mdogo wako zikukute ukiwa mzima huko Abadan. Je, kifua kimepoa? Yule mtu wa kwetu aliyepita mwishoni mwa majira ya baridi alituambia kazi yako ni kupaka rangi matanki ya mafuta, na kwamba unakohoa sana. Tangu siku hiyo Mama amekuwa akikuwekea mafuta ya mkia wa kondoo. Nimeyakabidhi kwa dereva wa lori la sufi pamoja na barua hii. Jipake kifuani, usiwape wenzako.

Sisi huku hatujambo. Mama hajambo, ila magoti yanamsumbua. Ami Khanmirza naye ni mzima, isipokuwa hasemi nami, na hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Lakini nianze na safari, kwa maana najua ungependa kuisikia.

Shah alipoondolewa, askari waliokuwa wakituchunga pale Deh-now, tulikofungiwa tusihame na mifugo, walivua sare zao wakaenda makwao. Wengine waliacha hata bunduki. Baridi ilipoisha, watu hawakungoja kuambiwa. Walianza kung'oa milango ya nyumba zao wenyewe ili wapate kuni za njiani. Mimi pia niling'oa wa kwetu, na nakiri kwamba mkono wangu ulisita kidogo, kwa sababu ule mlango niliutengeneza mwenyewe.

Unakumbuka jinsi walivyochana mahema yetu kwa visu. La kwetu hawakulipata. Mama alikuwa ameshalifumua mshono kwa mshono na kuvisokomeza vipande vyake ndani ya magodoro, kwa hiyo miaka yote tisa tumelala juu ya hema letu. Majira ya baridi yaliyopita alilishona upya. Limepungua vipande viwili, vile tulivyowazungushia Nazli na Sarvi.

Unisamehe kwa kuwataja mkeo na mwanao. Kabla hatujaondoka nilikwenda makaburini, nikang'oa magugu na kuinua mawe yaliyoanguka. Nilihesabu pia makaburi ya watoto waliokufa kiangazi kile cha pili, tulipokatazwa kupanda milimani na homa ikatukuta kwenye lile bonde. Ni kumi na moja, pamoja na la Sarvi. Dada yetu Golbanu amebaki kule na mumewe kwa ajili ya ngano yao, na ameahidi kuyaangalia. Usimlaumu kwa kubaki. Wengi wamebaki.

Tulitembea siku thelathini na nne. Mama alipanda nyumbu, na kila tulipofika mahali alipopajua alishuka akatembea kwa miguu mpaka papite. Watoto waliozaliwa Deh-now walikuwa wakiuliza kila jioni nyumba iko wapi. Wanawake walicheka, kisha wakageuka kufungua mizigo.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Tulipovuka mlango wa mlima na kuiona Bash-Bulagh, malisho ya marehemu Baba yalikuwa yamelimwa. Kutoka chemchemi mpaka kwenye jiwe jeupe yote ilikuwa shayiri mbichi, imesimama kufika magotini. Kando yake palikuwa na nyumba mbili za mawe na mbwa mmoja aliyetubwekea sisi kama wezi. Mama alishuka, akasimama ukingoni mwa shamba.

Mwenye shamba anaitwa Mashdi Nowruz, mtu wa makamo, mkono wake mmoja umepooza. Alitoka na karatasi yenye muhuri wa ofisi ya ardhi. Ami akamwambia, “Weka karatasi yako. Kondoo wetu walikuwa wakilala hapa kabla babu yako hajamiliki hata punda.”

Nowruz akajibu, “Na miaka tisa mlikuwa wapi?”

“Tulikuwa tumefungiwa. Aliyetufungia ndiye huyohuyo aliyekugongea muhuri.”

“Mimi muhuri sikuufuata kwa hiari, Khan. Bwana wa kijiji chetu alitufukuza akalima afyuni kwenye mashamba yetu. Nikaambiwa huku juu kuna ardhi isiyo na mwenyewe.”

“Mwenyewe ndiye huyu unayemwona.”

“Namwona. Na yeye anaiona shayiri. Nina watoto watano, niwalishe mawe?”

Hawakutukanana zaidi ya hapo, na hilo ndilo lililonitia hofu, kwa kuwa unamjua Ami: akitukana, ameshapoa. Alirudi kambini akaanza kusafisha bunduki. Kufikia machweo alikuwa na wanaume saba. Mpango wao ulikuwa kuingiza kondoo wote kwenye shayiri asubuhi, na atakayetoka nyumbani kuzuia, shauri yake. Mama aliwapikia wali. Nilipomuuliza kama anaafiki, aliniambia, “Nimeshona hema msimu mzima. Sikulishona nije kukaa pembezoni mwa shamba la mtu.”

Kaka, sikuwa upande wa Nowruz. Nataka ulijue hilo. Nilipoona yale matuta juu ya nyasi za Baba nilitaka kuyakanyaga kwa miguu yangu. Lakini nilihesabu moshi wa vijiji vya bondeni nikaona ni vingi, vyote vina watu kama yeye, na vyote vina karatasi. Tungemwua Nowruz, wangekuja ndugu zake, na baada yao askari wapya. Serikali imeondoka barabarani tu, haijaondoka duniani. Tungerudishwa Deh-now kiangazi hikihiki.

Basi alfajiri, kabla Ami hajatandika farasi, nilichukua kalamu na karatasi. Nikachukua pia muhuri wa Baba kutoka kwenye kifurushi cha Mama. Sikumwomba. Alikuwa akikanda unga, amenipa mgongo. Nikashuka mpaka kwa Nowruz.

Tuliketi kwenye kizingiti chake, mkewe akatuletea mkate na mtindi, nami nikaandika kama nilivyofundishwa na yule karani wa kituo cha askari cha Deh-now. Kutoka chemchemi mpaka jiwe jeupe, shayiri ni ya Nowruz. Kutoka jiwe jeupe mpaka mlango wa mlima, malisho ni ya wana wa Baba. Akishavuna, mabua ni ya kondoo wetu, na mbolea yao ibaki shambani kwake. Maji ni ya wote, na hakuna atakayejenga ukuta kuyazunguka. Yeye akaweka kidole gumba. Mimi nikagonga muhuri wa Baba.

Wino ulikuwa haujakauka Ami alipofika na watu wake. Hakushuka kwenye farasi. Akaniambia, “Soma.” Nikasoma mpaka mwisho. Nowruz alikuwa amesimama nyuma yangu, na nilimsikia akihema.

“Rudia hapo kwenye muhuri,” Ami akasema.

Nikarudia.

“Shah alihangaika na sisi miaka tisa, na mizinga yake, asiweze kuutoa muhuri huo mikononi mwetu. Wewe umeutoa kwa bakuli la mtindi. Hongera, karani.”

Akageuza farasi. Wale saba wakamfuata. Hakuna risasi iliyolia, na ni siku ya kumi na nane leo tangu aniongeleshe mara ya mwisho.

Nusu iliyobaki ina mawe mengi. Kondoo wamekonda, na tumeuza mabeberu wawili wazuri kwa sababu hatukuwa na pa kuwalisha. Shayiri itavunwa baada ya wiki tatu, ndipo nitajua kama Nowruz ni mtu wa neno lake. Mpaka sasa mkewe hutuletea mkate siku za Ijumaa, na Mama huupokea bila kumwangalia usoni.

Muhuri ule ni wako, kaka. Wewe ndiye mtoto mkubwa. Niligonga muhuri kwa jina la Baba bila idhini yako, na kama mtu mwingine angefanya hivyo ningemwita mwizi. Kwa hiyo nakuomba uamue. Ukisema mapatano yasimame, andika hivyo kwa mkono wa mtu yeyote unayemwamini, nami nitamsomea Ami. Ukisema yavunjwe, nitashuka kwa Nowruz mimi mwenyewe nimwambie, wala sitatuma mtu. Sitakulaumu kwa lolote kati ya hayo mawili. Ila naomba usichelewe, kwa maana Ami hajaziweka bunduki mbali.

Nilipofika hapa katika kuandika, Mama alikuja akaketi kando yangu, akaitazama karatasi kwa muda. Nilidhani ataniambia niandike malalamiko yake, na nilikuwa tayari kuyaandika yote. Akasema, “Mwandikie ndugu yako kwamba kiangazi kimeshaingia, na hakuna mtoto hata mmoja kambini aliye na homa.” Nilimuuliza kama kuna lingine. Akasema hilo linatosha, akaenda kukamua.

Ami hajatuma salamu, lakini jana alimuuliza Mama kama lori la sufi linafika Abadan. Mke wangu Humay anakusalimu, na wanetu wawili, ambao wanakujua kwa jina tu. Golbanu alikuagizia salamu kabla hatujaachana. Mungu akuepushe na moto wa huko, akupe pumzi nzuri, na akuoneshe tena milima hii macho yako yakiwa bado yanaona mbali.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye, ningojaye neno lako,
Ayaz