Kumbukumbu ya Nzivo Mativo na Gari Lake, Kidonge

Jumamosi hii mwaka mmoja unatimia, Baba Kasiva, tangu ulipotoka asubuhi ukasema unarudi saa saba kula, na chakula kikapoa mezani. Watoto walitaka kuandika tangazo hili wao. Nikasoma walichoandika: "Mpole, mcha Mungu, mpenda watu." Nikawaambia hapo mmemweleza pasta, si baba yenu. Leteni kalamu. Kwa hivyo ninayeandika ni mimi, Asenath Mideva, mkeo wa miaka thelathini na miwili, na wanaosoma wasome tu, hatuna siri.

Moyo wako ulisimama ukiwa karakana, patasi mkononi, shingo ya twiga haijaisha. Wachongaji wenzako walimmalizia yule twiga wakatuletea. Yuko juu ya kabati.

Ulikuwa mtu wa kucheka kwa sauti. Nyumba zetu hizi za Jericho ukuta wake ni mmoja, na ukianza kucheka jirani alikuwa anagonga kuuliza kuna nini, nawe unamjibu aje asikie mwenyewe. Ulikuwa unasahau siku za kuzaliwa, unasahau miwani, unasahau umetumwa nini dukani. Mtu mwenye shida hukumsahau. Awiti wa nyumba ya mbele alipovunjika mguu, ulikataa katakata asipande teksi. Ulimpeleka kliniki kila wiki kwa gari letu, kwa sababu, ulisema, hilo halimrushi mgonjwa. Na ilikuwa kweli, halikumrusha.

Lakini haikuanza hivyo, na hapa lazima nikuseme.

Miaka kumi na tisa iliyopita ulinijia na kigari cheupe, kidogo hivi, na watoto wa mtaa wakakiita Kidonge siku hiyo hiyo. Waliokiunda walikuwa wameacha kukiunda zamani. Petroli kilikuwa kinaonja tu, hilo nakubali. Lakini kwenye kona, woi! Kilikuwa kinalala upande mpaka naona lami kupitia dirishani. Wewe unajua biashara yangu ni mayai, nayachukua kwa wafugaji wa Kamulu nauza soko la Jericho. Safari ya kwanza nilipakata trei moja mapajani, zingine ziko nyuma. Ulipoingia raundabauti nilishika mlango kwa mkono mmoja na Yesu kwa mwingine. Tulipofika nikahesabu mayai yaliyopasuka: arobaini na moja. Tulikula mayai asubuhi, mchana na jioni, na majirani wakala, na mbwa wa majirani wakala.

Mtu mwingine angeuza gari. Wewe ulikwenda Grogan kutafuta bushi, zile pete za mpira zinazokaa kati ya chuma na chuma ili gari lisiyumbe. Ukazunguka duka kwa duka. Mwishowe muuzaji mmoja akakwambia, "Mzee, bushi za hii utazitafuta mpaka mbinguni." Siku hizi nikikumbuka nacheka peke yangu, maana huenda ndiyo shughuli uliyo nayo huko.

Ulirudi nyumbani ukaketi mlangoni na kipande cha mpingo, ukaanza kuchonga.

"Nzivo," nikakwambia, "gari si twiga."

"Mideva, mpira unachoka. Mti huu hauchoki."

Ukachonga pete nane, laini, zinateleza kidoleni. Kisha ukazichemsha kwenye oili ili zisipasuke, na ukazichemshia ndani ya sufuria yangu ya githeri. Mambo mengi nimekusamehe, Baba Kasiva. Hilo la sufuria bado nalifikiria.

Basi nyumba yetu ikawa na mtindo wake. Kila Jumamosi unabadilisha kitu kimoja kwenye Kidonge, kimoja tu, kisha mimi naketi kushoto na trei ya mayai mapajani, tunapita matuta yote na kona zote hadi sokoni, tunahesabu. Bushi za mpingo, yakapasuka kumi na mawili. Shokabsoba za gari la aina nyingine, ambazo ulizikata na kuzichomelea upya, manne. Upepo wa tairi ukapunguzwa kidogo, mawili. Majirani walikuwa wanatusubiri wakiuliza, "Ngapi leo?" Halafu ikaja ile Jumamosi tuliyofika na trei nzima, ukazima injini, ukayatazama mayai yale thelathini, ukalia. Mtu mzima! Uliwaambia watu ni vumbi.

Ulikuwa na namna yako ya kupanga magurudumu yatazame mbele sawasawa. Ulichukua kamba yangu ya kuanikia nguo, ukaizungusha gari lote, ukaivuta ikakaza, ukapima kwa jicho la mchongaji umbali kati ya kamba na kila gurudumu. Mimi ulinilazimisha kuketi mahali pangu kushoto. Kwenye kiti cha dereva ulipanga magogo yako. Miaka yote hiyo nilidhani unayaweka pale kwa kukosa nafasi chini, na nilikugombeza kwa kuchafua kiti. Ulicheka tu, hukunieleza.

Baada ya mazishi mwanao Kyule aliwapa wachongaji yale magogo. Kisha akasema mbele ya ukoo wote kwamba amepata mtu wa kuchukua Kidonge, Ndirangu wa chuma chakavu. "Mathe, spea hazipo, mzee hayupo. Nani atakitengeneza? Nani atakiendesha?"

"Mimi," nikasema.

Mwanao akacheka. Ana kicheko chako, lakini siku hiyo sikukipenda. Tukabishana mpaka dada yako Mama Mutheu akaingilia, na tukapatana hivi: nipewe mpaka kumbukumbu ya mwaka mmoja. Nikiweza kukiendesha mwenyewe hadi kaburini kwako Mwala, Kidonge ni changu. Nisipoweza, Ndirangu aje na lori lake siku hiyo hiyo, nami nisiseme neno. Nilikubali mbele ya mashahidi.

Unajua kwa nini nilikitaka. Bila Kidonge mayai yangu yangerudi kwa pikipiki, nami ningerudi kukaa kando ya barabara kungoja mtu wa kunihurumia. Na nikisema ukweli wote, nyumba ilikuwa kimya sana. Sikutaka hata sauti ile ya injini iondoke mlangoni.

Nikaenda shule ya udereva nikiwa na miaka hamsini na saba, darasani mimi na vijana wanaoniita shosho. Nilipasi mara ya kwanza! Ungekuwepo ungemsimamisha kila mtu Jericho umwambie. Nikarudi, nikakaa kwenye kiti chako, nikawasha, nikaondoka vizuri.

Kidonge kikaenda kushoto. Nikirudisha kulia, kinakwenda kushoto. Kabla sijafika sokoni gurudumu moja lilikuwa ndani ya mtaro, na wauza mboga wote wamesimama kunitazama.

Nikampelekea Obura, yule fundi uliyemfundisha kazi ya kamba. Akakiendesha mpaka stendi na kurudi. "Mama Kasiva, hii ndinga iko fiti. Inaenda kama rula." Nikachukua, kikanivuta kushoto. Nikamwita Kyule. Akazunguka nacho mtaa mzima, akashuka akijipangusa jasho.

"Mathe, gari haina shida. Shida ni dereva."

Nilimpa chai bila sukari wiki nzima. Lakini usiku mmoja mmoja nilianza kumwamini, na hilo ndilo lililoniuma. Miezi ilikuwa inapita. Mikono yangu ilikuwa inauma kwa kushindana na usukani, na kila nikienda Kamulu nilirudi na mayai yamepasuka upande mmoja tu. Nikajiambia labda Ndirangu ana haki yake. Labda gari hilo lilikuwa linakujua wewe tu.

Mwezi uliopita Kasiva alikuja kutoka Kayole baada ya zamu yake ya uuguzi. Akaniambia, "Mami, hebu nijaribu." Hakufika kona ya kwanza. "Linanivuta! Linanivuta kushoto!" alipiga kelele, nami sijawahi kufurahia kelele za mtoto hivyo. Tukaegesha.

Nikamtazama binti yako. Mwembamba, mfupi, mimi mtupu. Nikamfikiria Obura, na lile tumbo. Nikamfikiria Kyule, ambaye kwa unene wake mlango wa Kidonge huufunga mara mbili.

"Kasiva," nikasema, "yale magogo ya baba yako. Alikuwa anayaweka kwenye kiti hiki ili apime kamba. Hayakuwa mizigo."

Akanishika mkono. "Yalikuwa yeye."

Hatukungoja kesho. Obura alikuja mlangoni kwetu, akakiinua kwa jeki, akatoa magurudumu ya upande wa dereva, akaingiza taa. Juu ya springi ya mbele palikuwa na kisahani cha mpingo, unene wa kidole gumba, kimeng'arishwa vizuri utadhani ni cha kuuzia watalii. Nyuma kingine. Ulikuwa umeinua upande wako ili tukikaa wote wawili, wewe mzito na mimi mwepesi, gari lisimame sawa. Ndiyo maana mayai yangu yalifika. Na ndiyo maana nikikaa peke yangu upande ule uliokuwa juu, kila kitu kiliteremka kushoto.

Na juu ya kisahani ulikuwa umechonga kwa ncha ya patasi, namba nzuri kabisa: 112.

Mia moja na kumi na mbili! Nzivo! Miaka yote uliniambia mimi, na ukamwambia daktari nikiwa nimesimama hapo, kwamba una kilo tisini na tano! Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye oili. Kasiva akacheka. Obura alishika bampa. Jirani akagonga kuuliza kuna nini.

Kisha Obura akajipangusa macho, akauliza kwa upole, "Mama, nikitoa hivi gari itakaa sawa kwa mtu wa uzito wako. Lakini nikitoa, basi mzee ametoka. Nitoe?"

Nilielewa wakati huo kwamba mwaka mzima Kidonge kilikuwa bado kinakungoja ukae. Mimi nilikuwa nalaumiwa kwa nafasi yako iliyo wazi. Nilitaka kusema arudishe magurudumu, afunge, tuendelee hivyo hivyo, kilale upande, kinivute, angalau kuna mahali ambapo ulikuwa bado unahesabiwa. Nililia, Baba Kasiva. Nilikulilia kuliko siku ya mazishi, maana siku ile nyumba ilikuwa imejaa watu wa kupikia.

Nikasema, "Toa."

Nikafungua kamba ya nguo mwenyewe. Nikakaa kwenye kiti cha dereva nikiwa peke yangu, kilo zangu hamsini na nane, ninazisema hadharani kwa sababu sisi wengine hatufichi. Obura akavuta kamba, akapima, akakaza, akapima tena. Kasiva alishika taa. Tulimaliza, nikawasha, nikaingia barabarani.

Kikanyooka. Wee! Kikanyooka! Mahali pale barabara haina shimo nilipunguza mshiko wa vidole, nikaacha usukani ukae wenyewe kidogo, na Kidonge kikaenda mbele, mbele tu. Niliimba. Kasiva anasema nilipiga honi, mimi sikumbuki.

Asubuhi nikamwita Kyule, nikampa funguo. Akazunguka nacho, akarudi amekunja uso. "Mathe, sasa kinanivuta kulia."

"Shida ni dereva," nikamwambia.

Akanitazama, nikamwekea kile kisahani kiganjani. Akasoma namba. Kisha mwanao, na ukubwa wake wote, akanikumbatia mpaka miguu yangu ikaacha sakafu. Yeye mwenyewe ndiye aliyempigia Ndirangu simu kumwambia gari haliuzwi. Kisahani kimoja amekichukua, na nimemwonya, maana anaikaribia hiyo namba.

Jumamosi tunakuja Mwala. Tutaondoka Jericho saa kumi na mbili asubuhi, na waliosema watakuja kwa magari yao wanifuate nyuma, wasinipite. Nilikuwa naogopa kwamba kikinyooka nitakuwa peke yangu ndani yake. Ni kweli, niko peke yangu. Na ninafika.

Unakumbukwa na mkeo, Asenath Mideva, watoto wako, Kasiva na Kyule, mjukuu wako Nthoki, ambaye amejifunza kusema "babu" kwa picha yako, dada yako Mama Mutheu na ukoo wote wa Mwala, wakwe zako wa Vihiga, wachongaji wa karakana, fundi Obura, Awiti, ambaye sasa anatembea bila mkongojo, na wateja wote wa mayai wa soko la Jericho.

Maadamu tunapumua, Baba Kasiva, jina lako tutalitaja.