Sufuria ya Basyuni

Kafr el-Sheikh, 4 Juni

Mdogo wangu Metwalli,

Assalaam aleikum. Hujambo, na watoto? Sisi wazima, ila mgongo. Nakuandikia japo nakuona kutoka hapa, umesimama kwenye tuta la bwawa lako unajitanua. Tangu tugombane Idi niliapa sisemi nawe, na kiapo ni kiapo. Mama atakupa hii.

Niambie, unawapa nini perege wako? Wangu wanaelea matumbo juu kila siku. Wako wanaruka kama wamealikwa harusini! Watu wanasema lile pipa lako la buluu linanuka pombe. Sitaki kuamini.

Sikufichi, wivu unaniua. Jana Mama alikula kwangu, akasukuma sahani ya samaki: "Wa Metwalli watamu zaidi." Mbele ya mke wangu! Miaka yote hii hajasifu kitu changu hata kimoja.

Kaka yako,
Basyuni

10 Juni

Kaka Basyuni,

Waaleikum salaam. Sisi hatujambo, pole na mgongo.

Pombe? Astaghfirullah! Ni molasi ya miwa na bakteria rafiki, wale wa kukaa tumboni mwa samaki na kufukuza wabaya. Nawaacha wachachuke, nanyunyizia chakula, nakianika kivulini, basi. Njoo uchukue galoni, bure. Samaki wako wakifa wote utalima nini, chumvi?

Mdogo wako,
Metwalli

15 Juni

Metwalli,

Salaam. Tu wazima.

Galoni yako kaa nayo. Nije kukuomba mimi, niliyekufundisha kushika wavu? Nimejinunulia unga wangu wa hao bakteria mjini.

Basyuni

29 Agosti

Mdogo wangu kipenzi,

Assalaam aleikum, natumaini mko salama salimini. Huku raha tupu! Perege wangu hawafi tena, wamenona, mapezi yanang'aa. Na mgongo umepona.

Nikupe siri, maana mimi si mchoyo. Ule unga ni vijidudu, wameandika wenyewe kwenye mfuko. Nani anawalisha samaki vijidudu vibichi? Mimi nauchemsha kwanza, sufuria kubwa, mpaka utokote vizuri. Ndipo nachanganya na chakula. Jaribu na wewe, huenda wako wakawafikia wangu.

Jumamosi Mama alikula wawili, akaramba vidole. Akasema, "Basyuni, mwanangu, huyu ndiye samaki." Nilitoka nje nikalia, Metwalli. Mke wangu akadhani nimechomwa na mwiba.

Kaka yako mkubwa,
Basyuni

2 Septemba

Kaka,

Waaleikum salaam. Sote wazima.

Nilinuia kunyamaza. Lakini tangu Jumamosi Mama hali kwangu. Nikimwekea samaki anauliza, "Huyu wa Basyuni?" Nikisema hapana, anasema ameshiba. Miezi yote nimemtunza, kumbe ilitosha wewe kuchemsha sufuria!

Haya, sikia. Bakteria ukiwachemsha wanakufa. Umewapa samaki wako supu ya maiti. Kila asubuhi ukienda kunywa chai mkahawani, nani unadhani anavuka tuta na ndoo ya chakula kutoka pipa langu? Mkeo anajua, nilimwapisha. Nilikuwa nakuonea huruma. Sasa nakuonea wivu, na huo siuwezi. Mama nimeshamwambia.

Metwalli

5 Septemba

Metwalli,

Wewe na wanao hamjambo? Sisi tupo.

Nimemuuliza mke wangu, akainamisha kichwa. Mama amekuja na barua yako, hakukaa. Nimempakulia samaki, akamtazama, akasema, "Kwa hiyo na huyu ni wa Metwalli." Akaenda zake.

Nakushukuru kwa samaki. Kweli, bila wewe bwawa lingekufa, nisingekuwa na cha kulisha wanangu. Kesho nitakuja mwenyewe kuchukua galoni, na nitasema nawe kwa mdomo. Kiapo nimekivunja.

Ila lile neno la Mama, mdogo wangu. Wewe umelisikia maisha yako yote. Mimi nililipata Jumamosi moja. Ungeniachia.

Kaka yako,
Basyuni